Kengele ya Baiskeli Saa Mbili Asubuhi

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kiko Ngamiani, barabara ya 12, hapa Tanga, kati ya mshona viatu na fundi baiskeli. Nimekaa hapo miaka kumi na moja. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba kosa nitakalolisimulia si la mtu asiyejua simu. Ni la mtu anayezijua mno.

Aliyenilea ni Mamkubwa, dada yake mama. Nilihamia kwake nikiwa darasa la pili na sikuondoka tena. Nimeoa nikiwa humo humo, na wanangu wanamwita bibi. Ana miaka 74. Kwa miaka mingi aliuza vitumbua barazani, na deni la mtu hakuliandika popote. Alikuwa nalo kichwani, la wiki hii na la mwezi uliopita, na ukipita kwa mbali ukijifanya humwoni anakuita kwa jina na kukutajia kiasi.

Ndiyo maana ugonjwa wake wa kusahau ulijitokeza kwenye madeni. Jirani mmoja alikuja kibandani akiwa amenuna: Mamkubwa kamdai hela aliyokwisha kulipa, na kamdai mbele za watu. Nikamtetea Mamkubwa. Wiki ya pili akaja mwingine na malalamiko yale yale, nikanyamaza. Kisha ikawa hamira imesahaulika, unga umelala bila kuumuka, naye anaapa kwamba ameitia kwa mkono wake.

Mtaani maneno hayakosi. Wengi walisema ni uzee tu, mzee akizeeka hurudia utoto. Mmoja, sitamtaja, aliniita pembeni akaniambia nimtafutie mtaalamu wa Kisambaa, eti kuna mkono wa mtu. Tulikwenda hospitali. Daktari alimuuliza siku, mwezi, mahali tulipo, akampa maneno ya kushika na kuyarudia baadaye. Akaagiza pia vipimo vya damu, maana kuna usahaulifu unaoletwa na tezi ya shingoni, au na upungufu wa vitamini B12, na huo hutibika. (Mwenye sukari anayetumia metformini kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa na B12. Sikulijua hilo, na nimeona nilitaje kwa faida ya mwenye mzazi wa namna hiyo.) Kwa Mamkubwa hakukuwa na la kutibika upesi. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, na bado uko mwanzoni.

Hatuko peke yetu. Utafiti wa wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro, uliochapishwa 2013, ulikuta kama wazee 6 katika kila 100 wa miaka 70 na kuendelea wana ugonjwa wa namna hii. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 57 duniani kwa mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao wako kwenye nchi zisizo tajiri, yaani zetu. Lakini takwimu hazimkumbushi mtu dawa, na shida yangu ilikuwa dawa.

Mamkubwa ana presha na sukari. Na hapa kuna jambo lililonichanganya sana mwanzoni. Mwanamke huyu anakusimulia foleni za sukari na sabuni za miaka ya themanini, nani alikuwa mbele yake, nani alimchomekea, na mwuza duka alivaa nini. Kidonge cha leo hakumbuki. Nilidhani anafanya makusudi, Mungu anisamehe. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kukumbuka kuko kwa namna nyingi. Kuna kukumbuka lililopita, na kuna kukumbuka lililo mbele: kwamba ikifika wakati fulani nina jambo la kufanya. Hili la pili ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu hakuna anayekuuliza. Ukiulizwa habari ya foleni, swali lenyewe linakuvuta. Kidonge hakikuulizi kitu, kimekaa kimya kabatini.

Na hilo la mbele nalo lina sura mbili. Kuna la kufuata saa, na kuna la kufuata tukio. “Kunywa dawa saa mbili” linakutaka uwe unachungulia saa mwenyewe. “Kunywa dawa ukimaliza chai” linangojea chai tu. Wanaochunguza mambo ya kumbukumbu wanasema la saa ndilo linalowaelemea zaidi watu wenye shida ya kusahau, na mimi nimeliona nyumbani bila kuchunguza chochote. Mamkubwa hajui leo ni Jumanne au Alhamisi, lakini muadhini akianza tu, yeye anatafuta maji ya kutawadha. Hapotezi. Sisi watu wa pwani tulikumbushwa kwa sauti mara tano kwa siku kabla simu haijabuniwa.

Ningelifuata hilo tangu mwanzo ningesalimika. Lakini mimi ni fundi simu.

Nilichukua simu ya kupangusa iliyoachwa na mteja zaidi ya mwaka, nikaibadilisha kioo na betri, nikaondoa kila kitu kisichohitajika. Nikaweka vikumbusho tisa: dawa ya asubuhi, maji, chakula cha mchana, kumpigia dada yake Muheza, kufunga mlango wa uani, na kadhalika. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Siku ya nne nikaikuta simu ndani ya kasha la nguo, imeviringishwa kanga mbili, inalia humo kama mtoto kisimani. “Inasema sana,” akaniambia. “Hata mke mwenza hasemi hivyo.”

Nikapunguza hadi viwili. Kisha likaja la saa. Binti yangu anasoma shule ya Kiingereza, naye kwa kutaka kumsaidia bibi yake akaandika kwenye kioo kwa herufi kubwa: DAWA SAA 8. Kwake ni saa ya simu. Mamkubwa akasoma akaelewa kama kila Mswahili anavyoelewa: saa nane. Simu ikilia asubuhi anaisoma, anatazama jua, anasema bado, anaizima. Saa nane mchana anakaa akingoja simu imwambie, na simu haisemi kitu. Siku tatu zilipita hivyo kabla sijagundua. Wanaotengeneza programu hizi hawajui kwamba kuna watu wanaoanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na kwamba mtu aliyehesabu hivyo maisha yake yote hatabadilika akiwa na miaka 74 na akili imechoka. Nimeamua kwamba katika simu ya mzee hakuna kuandika tarakimu ya saa hata moja. Andika jambo la kufanya, saa iachie simu yenyewe.

Nitaje upesi na mambo ya ufundi, maana najua kuna watakaoninunia nisipoyasema. Simu nyingi za bei nafuu huua programu zilizotulia ili kuokoa betri, kwa hiyo programu ya kukumbusha inalala usingizi na mgonjwa wako. Ingia kwenye mipangilio ya betri uiruhusu ifanye kazi bila kubanwa, la sivyo tumia kengele ya saa iliyokuja na simu, haifi ovyo. Sauti ya kengele na sauti ya mlio wa kupigiwa ni vitu viwili. Unaweza kupandisha moja ukadhani umepandisha zote. Kikumbusho cha kalenda hulia mara moja, ting, kikanyamaza, na mzee aliyekuwa uani hakusikia. Kengele huendelea kulia. Na kama nyumbani kwenu umeme ni wa kubahatisha, msidharau kitochi, ile simu ndogo ya vitufe: chaji inakaa siku kadhaa, na vitochi vingi huita kengele hata vikiwa vimezimwa.

Sasa kosa lenyewe.

Nilisoma mahali namna ya kumfundisha jambo mtu anayesahau. Humpi somo refu. Unamuuliza swali moja na kumpa jibu lake, kisha unamuuliza tena baada ya nusu dakika, dakika moja, mbili, nne, nane, unazidi kuachanisha. Akikosea unampa jibu hapo hapo, unarudi kwenye muda mfupi aliofaulu, unaanza kupanda tena. Kati ya swali na swali mnaongea mambo mengine. Nilimfanyia hivyo jioni mbili mfululizo, tumekaa mkekani, mimi nachambua simu ya mtu na yeye anachambua mchele.

“Mamkubwa, simu ikiita unafanya nini?”

“Nakunywa dawa.”

Tunaongea habari za harusi ya Makorora. Dakika nane.

“Mamkubwa, simu ikiita?”

“Nakunywa dawa. Mbona unaniuliza kama mtoto?”

Ilishika. Hakumbuki kwamba nilimfundisha, lakini jibu lilishika, na asubuhi kengele ikilia anainuka mwenyewe. Mke wangu alishangilia. Nami nikaongeza ujanja. Kwa kuwa vidole vyake vinatetemeka na kupangusa kioo kunamshinda, niliweka vile vitufe vya pembeni vya sauti vinyamazishe kengele akivibonyeza. Sikutazama vizuri kwamba kunyamazisha kule si kuzima. Ni kuahirisha kwa dakika kumi.

Siku hiyo mimi nilikuwa kibandani na mke wangu alikwenda soko la Mgandini. Saa mbili simu ikaita. Mamkubwa akabonyeza pembeni, akanywa kidonge cha sukari. Saa mbili na dakika kumi ikaita. Akabonyeza, akanywa. Saa mbili na dakika ishirini ikaita tena. Alifanya kile kile nilichomfundisha, bila kukosea hata mara moja.

Mke wangu alimkuta mkekani, jasho linamtoka kama aliyenyeshewa, mikono inatetemeka, anaita majina ya watu waliokufa. Pakiti ya vidonge iko pembeni yake. Jana yake usiku nilikuwa nimeitazama na ilikuwa imebaki na saba. Sasa vilikuwa vinne. Kwa bahati alikuwa bado anaweza kumeza, mke wangu akampa maji ya sukari, kikombe kizima, ndipo wakaita bajaji. Hospitali walimlaza hadi kesho yake, kwa sababu vidonge vya aina ile vinaishusha sukari saa nyingi baada ya kumezwa, na mtu anaweza kuonekana amepona kisha akazama tena. Muuguzi aliniuliza nani anamsimamia dawa. Nikasema simu. Hakunijibu. Alinitazama tu, akaendelea kuandika.

Usiku ule kwenye benchi nje ya wodi, sikuwa na la kufanya ila kusoma. Nikakuta habari ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, Marekani, uliotoka 2021, chini ya mtafiti Michael Scullin. Walichukua wazee 52 wenye usahaulifu wa mwanzoni, wakawafundisha kutumia simu janja kwa wiki nne. Kundi moja lilitumia programu ya kikumbusho, simu inakuita wakati ukifika. Kundi la pili lilitumia kinasa sauti: mtu anajirekodi akisema jambo atakalolifanya, kisha anajisikiliza mara kadhaa. Walipewa kazi kama kupiga simu ofisini kwa watafiti siku fulani, au kupiga picha wakifika mahali fulani. Kwa wastani walitimiza kama nusu ya kazi, makundi mawili hayakuachana sana, na aliyetumia simu mara nyingi zaidi ndiye aliyefanya vizuri zaidi.

Nusu! Wengine wataona ni ndogo. Mimi nilikaa nikiifikiria ile nusu nyingine. Picha usipoipiga, hakuna anayekufa. Nikawaza na hili la kinasa sauti, mtu kujisikia mwenyewe.

Asubuhi daktari alibadilisha dawa, akaweka ya kunywa mara moja na chakula, isiyoshusha sukari kwa ukali ule. Tulipofika nyumbani nikaanza upya, na safari hii nilianza na kikasha, simu ikafuata. Kikasha ni cha plastiki, kina vyumba saba, lakini Mamkubwa hapewi kikasha chote. Mke wangu anamtolea dawa za siku moja, anaziweka kwenye kisahani cha bluu juu ya kabati, na nyingine zinafungiwa. Hata simu ikiita mara mia, cha kunywa ni kile kilichopo.

Na jibu la kufundishwa likabadilika. Si “nakunywa dawa” tena. Ni “natazama kisahani.” Kikiwa na kidonge, nakunywa. Kikiwa kitupu, nimeshakunywa. Ukiniuliza tofauti kati ya maneno hayo mawili ningekuambia kabla ya siku ile kwamba ni moja.

Lakini lililoshika halibanduki kirahisi. Nilipojaribu kumfundisha jibu jipya kwa mlio ule ule wa zamani, mkono wake ulikwenda kutafuta pakiti. Mlio ulikuwa umeshaolewa na kidonge. Ilibidi nitafute mlio mwingine, usiofanana na wa kwanza hata kidogo, ambao haukuwahi kumwambia habari ya dawa.

Nikamwendea jirani yangu fundi baiskeli. Huu ni mji wa baiskeli, mnajua, na yeye ana kengele za kila aina. Alinitolea moja ya Phoenix ya zamani, ile ya kusukuma kwa dole gumba, krring-krring. Nikairekodi pale pale na kuifanya mlio wa kengele. Juu yake nikaweka sauti. Niliwahi kujaribu sauti yangu, haikufaa: Mamkubwa alikuwa akiitikia “Abee!” kisha anazunguka nyumba nzima akinitafuta. Kwa hiyo nilimrekodi yeye mwenyewe, kwa lafudhi yake: “Tazama kisahani. Kikiwa kitupu, umeshakunywa.” Mara ya kwanza kujisikia aliniuliza ni nani. Nikamwambia ni mama mmoja. Akasikiliza tena. “Ana adabu huyu mama,” akasema. “Haamrishi.”

Sikufikiria la baba mkubwa. Alifanya kazi bandarini, na kila siku jioni alirudi kwa baiskeli na kupiga kengele akikata kona, ili akifika chakula kiwe mezani. Amefariki zaidi ya miaka kumi na tano. Asubuhi ya kwanza ya mlio mpya nilibaki nyumbani kuangalia. Saa mbili: krring-krring. Mamkubwa akajifunika kanga kichwani, akasimama, akaelekea mlangoni haraka kuliko nilivyomwona akitembea mwaka mzima. Alikuwa ameshashika komeo. Nikataka kuizima simu, kuufuta ule mlio, nikajiona mtu mbaya. Ndipo sauti yake mwenyewe ikasema tazama kisahani. Akageuka. Akakitazama kisahani, akachukua kidonge, akanywa na chai. Hakuuliza kitu. Lakini alipokaa alikuwa anatabasamu, na mimi sikujua ni kwa sababu gani.

Mke wangu anasema niubadilishe, kwamba si haki kumwita mtu mlangoni kila siku kwa ajili ya asiyekuja. Inawezekana ana haki. Nimeuacha, miezi mitano sasa. Siku nyingi haendi mlangoni kabisa, anakwenda moja kwa moja kwenye kisahani. Siku nyingine anakwenda.

Jambo la mwisho tuliloongeza ni la bure kabisa. Kwenye kioo cha simu yake nimeweka picha yangu, akiigusa inanipigia. Akishakunywa ananibipu. Watu wa vifurushi wamesahau kubipu, ila yeye hakusahau, hilo liko upande wa foleni za sukari. Nikiona jina lake likiwaka na kukatika, najua kisahani ni kitupu.

Leo alinibipu saa mbili na dakika nne. Saa mbili na robo akabipu tena. Na tena, kabla sijaweka chini bisibisi. Mteja alikuwa mbele yangu na simu iliyoingia maji. Nikampigia Mamkubwa.

“Abee baba.”

“Shikamoo Mamkubwa. Kisahani kina nini?”

Kimya. Nikasikia ndara zake sakafuni, kisha bati la kabati.

“Hakina kitu,” akasema. “Ulitaka nini humo?”

Nikasema sitaki kitu. Akasema basi nisimpigie pigie, ana vitumbua jikoni. Hajapika vitumbua tangu mwaka juzi. Nikamwomba mteja anisubiri kidogo, nikaazima baiskeli ya jirani.